Nyumba Isiyoitikiwa Hodi

Mtandao ulikatika tena nikiwa katikati ya neno "haki".

Sitanii. Nilikuwa nikiifanyia mazoezi hotuba yangu mbele ya Lwitiko, bosi wangu aliyeko Dodoma, na nilipofika pale panaposema kwamba Ujirani ni mtandao unaotenda haki kwa kila kaya, sura yake ikaganda mdomo wazi kama mtu anayetaka kupiga chafya. Kisha kompyuta ikaniandikia kwa upole: Samahani, hakuna njia. Tafadhali jaribu tena baadaye. Upole huo ni wangu. Niliwahi kugombana na wenzangu, nikisema kwamba mashine inayotumia Kiswahili haina ruhusa ya kumfokea mtu.

Saa nne asubuhi hiyo Kamati ya Mawasiliano ingenihoji, na baada ya mahojiano ingeamua kama Ujirani uenezwe nchi nzima. Na mimi, Stumai Hoza, mhandisi niliyeuandika mtandao huo kuanzia msingi hadi paa, nilikuwa nimekaa sebuleni kwa marehemu mama yangu, Kwemshazi, huku milimani Usambara, nimekosa mtandao. Mganga hajigangi. Lakini mganga wa kawaida huugulia kitandani kwake kimya kimya, mimi ningeumbuka mbele ya wabunge.

Nikaanza na yale tunayowaambia wateja. Nikaizima kompyuta, nikaiwasha. Nikaiamuru iusahau mtandao, halafu nikawatambulisha upya kana kwamba hawajawahi kuonana. Nikakagua programu inayoendesha kadi ya mawimbi, nikakuta ni mpya. Nikabadilisha masafa. Nikachomoa friji, maana friji kuukuu hupiga kelele hewani ambazo sikio halizisikii. Mwisho nikakiendea kisanduku chenyewe cha mtandao, juu ya kabati la vyombo. Mama alikuwa amekifunika kitambaa cha kufuma, cheupe, chenye maua ya buluu pembeni, vilevile alivyofunika redio na jagi la maji. Nikakivuta kile kitambaa kwa hasira. Taa ya kisanduku ilikuwa ya kijani. Kizima kabisa, hakina homa wala mafua.

Mtandao ukarudi.

"Tatizo ni mabati," nilimwambia Lwitiko. "Mabati ya huku ni mazito. Na ukungu umeshuka."

"Ukungu, Stumai?" Akacheka. "Si wewe uliyeandika kwamba Ujirani hausumbuliwi na ukungu?"

"Basi nitatoka nje."

"Toka, panda hata mti. Ila ukitukatikia mbele ya Mheshimiwa Mwenyekiti, halafu tumwambie eti ukungu—"

Ukakatika kabla hajamaliza, na safari hii nilishukuru.

*

Nikatoka na kompyuta mikononi, imefunguliwa, nikaibeba kama sinia la chakula cha wageni. Nikashuka kijia cha nyuma ya nyumba huku macho yangu yakiwa kwenye kioo.

Kwemshazi ni nyumba zilizopangana mteremkoni, moja juu ya kichwa cha nyingine. Kampuni za simu zilikwisha kung'oa minara yao huku kwa kuwa haikuwa na faida, na hata ilipokuwepo, fimbo ya mbali haiui nyoka. Ndipo tukabuni Ujirani. Kila nyumba ina kisanduku, na ujumbe wako hupita nyumba hadi nyumba mpaka ufike barabarani, ulipo waya mkubwa. Kabla ya kupita kwa jirani, kisanduku chako hupiga hodi mara tatu. Kikiitikiwa karibu, kinapita. Kisipoitikiwa, kinaondoka kwenda kujaribu kwingine, kama afanyavyo mtu yeyote aliyefunzwa kwao.

Sasa, njia zikiwa finyu na wapitaji wengi, nani aitikiwe kwanza? Hapo ndipo nilipojipatia jina. Mitandao ya zamani ilitazama nani kalipa zaidi. Mimi nikasema tutazame utu. Visanduku vyetu hujifunza vyenyewe nani ni jirani wa nani: simu za kina nani zilikesha pamoja msibani, nani alikwenda kumwona mzazi, nani alimenya vitunguu kwenye harusi ya nani. Anayehudhuria huitikiwa mapema, asiyehudhuria hungoja. Nilipolieleza wazo hilo mara ya kwanza, ukumbi mzima ulisimama kupiga makofi. Mzee mmoja alitoa machozi, na mimi nikatoa yangu.

Nikasimama kwenye uzio wa nyumba ya kwanza, kwa fundi cherehani. Kioo kilionyesha mawimbi yamejaa tele. Kisanduku cha mama kikapiga hodi, kikaitikiwa, kikapita. Mara mtoto wa ndani akawasha mchezo wa magari kwenye televisheni, nikausikia mlio wake kabisa, na papo hapo nikatolewa nje. Samahani, hakuna njia. Nikashuka hadi nyumba ya pili. Hapo mama mmoja alikuwa akimpigia dada yake kumsimulia ndoto, nami nikatolewa tena.

Nikaelewa ugonjwa, ingawa sikuelewa chanzo chake. Mawimbi hayakuwa na kasoro yoyote. Nyumba yetu ilikuwa imewekwa mwisho kabisa wa foleni. Nilipitishwa njia ikiwa tupu, na akitokea yeyote, hata wa ndoto, nawekwa pembeni.

Niliona haya kidogo, lakini ilikuwa haya ya juujuu. Nilidhani kosa ni langu kwa kuwa mimi ni mtu wa mjini, nilizika nikaondoka kabla ya arobaini. Halafu nikakumbuka kwamba kisanduku hakinijui mimi. Kinaijua nyumba, na nyumba ni ya mama. Na mama yangu hakukosa msiba hata mmoja Kwemshazi. Hakuna sufuria la pilau huku ambalo hakulikoroga. Kwa nini basi nyumba ya mtu kama yule isiitikiwe?

Nikaendelea kushuka, nikipigiwa kimya nyumba baada ya nyumba, mpaka karibu na mto, mahali ambapo kijia kimeota majani kwa kukosa wapitaji. Pale kisanduku kimoja kikaitikia hodi ya kwanza. Hakikungoja ya pili.

*

Mwenye nyumba alikuwa barazani, amekaa kwenye kigoda, anamenya viazi. Nilimfahamu kwa sura tu. Ni Mama Kiondo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Akainua macho, kisu kikasimama. "Wee! Si Stumai huyu? Umechukua paji la uso la mama yako lote, hukumwachia hata kidogo. Karibu. Pita ndani, baridi hii."

Nikapita. Juu ya meza ya kulia kilikuwepo kisanduku chake, kimefunikwa kitambaa cha kufuma chenye maua ya buluu pembeni.

"Hicho alinifumia yeye," alisema, akinifuata na sufuria lake la viazi. "Mimi namfumia, yeye ananifumia. Kila alasiri alikuwa hapa. Nilimwambia, wee Mama Stumai, watu watakusema. Akasema wamseme, yeye hatozwi."

Habari za Mama Kiondo zinajulikana. Mwaka wa mvua ya mawe, kabichi za mteremko mzima zilisagika zikawa kachumbari, shamba lake peke yake likasalimika. Mwaka uliofuata akafiwa na mume wa pili. Lisemwalo lipo, wakasema watu, na kuanzia hapo hakuitwa tena mahali popote. Mtoto wake mmoja yuko Tanga mjini, na humpigia akibahatika.

Kompyuta yangu ilikuwa imeungana na kisanduku chake vizuri ajabu, lakini haikwenda popote. Nikafungua ukurasa wa wahandisi, unaoonyesha kila nyumba na zile zinazoiitikia. Nyumba ya Mama Kiondo iliitikiwa na nyumba moja tu duniani, nayo ni ya mama yangu. Walikuwa kama watu wawili waliofungiwa chumba kimoja, kila mmoja anamfungulia mwenzake mlango wa kabati.

Nikaketi bila kukaribishwa kiti. Visanduku havilijui neno mchawi, wala havikulihitaji. Viliona nyumba isiyotembelewa na isiyoalikwa, vikafanya vile nilivyovifundisha. Halafu kuna kanuni ya pili. Hiyo niliitunga alasiri moja, nikijisifu, ili kuwazuia wadanganyifu: anayeshinda na asiyeitikiwa, naye ashushwe daraja. Pembeni ya mstari huo niliandika kwa utani, ndege wafananao huruka pamoja. Kwa hiyo kila alasiri mama yangu alipochukua uzi wake na sindano yake akaja kukaa na mtu aliyetengwa, mtandao wangu ulimshusha kidogo, kesho yake kidogo tena, mpaka misiba yote aliyohudhuria ikawa si kitu.

"Mama alikuwa akilalamika kuhusu mtandao?" nikauliza, ingawa jibu nililijua. Alikuwa akinilalamikia mimi. Nilimwambia azime, awashe.

"Ulitusumbua sote." Alichukua kiazi kingine. "Hata siku ile. Alikuwa amekaa hapo ulipokaa wewe. Akasema kichwa, halafu akaniangukia. Nikapiga kwa simu yangu, inasema samahani, hakuna njia. Nikachukua ya kwake, nayo samahani. Inasema kwa adabu, ile sauti. Basi nikakimbia mpaka barabarani na magoti yangu haya, nikasimamisha pikapiki ya mboga. Tuliporudi..." Akafuta kisu kwenye khanga. "Ndiyo mambo ya mashine, mwanangu. Huwezi kugombana na mashine."

Sikuweza kumtazama. Nilitazama viazi. Nilitamani anifokee, anitupie kisu na sufuria, afanye chochote. Yeye akanisogezea blanketi dogo nifunike miguu.

Kompyuta ikalia. Ilikuwa kengele niliyoitega: Kamati inakaribia kuketi.

Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Wahandisi wa Ujirani tuna ufunguo wetu. Mstari mmoja wa maandishi unaipandisha mashine yoyote mbele ya foleni yote, mpaka barabarani, bila kupiga hodi kwa mtu. Umewekwa kwa ajili ya dharura. Nisingewahi kurudi nyumbani kwa mama, kwa hiyo nikaandika ule mstari pale pale mezani, kwa ajili ya kompyuta yangu. Ningeweza kuandika mwingine kwa kisanduku cha Mama Kiondo, maana ni mstari uleule, unabadilisha jina tu. Nikajiambia kwamba mabadiliko yaliyofanywa dakika za mwisho yataonekana, wataulizana. Nikajiambia nitamfanyia baadaye, kimya kimya, bila kumtia aibu mama wa watu. Mtu anayetaka kutenda vibaya hakosi sababu nzuri.

"Umekubali?" Mama Kiondo aliuliza, akiona sura ya Lwitiko imetokea waziwazi.

"Umekubali, mama. Naomba nitumie meza yako kidogo."

"Tumia! Mama yako alisema wewe ndiye fundi wao wote." Alifurahi kwa dhati. Akaenda jikoni, akitembea kwa vidole ili asinipigie kelele.

*

Mahojiano yalikwenda vizuri kupita nilivyoomba. Mtandao haukutikisika hata kidogo. Wajumbe waliuliza gharama, nikajibu, wakauliza usalama, nikajibu. Lwitiko, kwenye kona ya kioo, alikuwa akitikisa kichwa kwa kuridhika kama bwana harusi anayesikia mahari imepunguzwa.

Mwenyekiti wa Kamati ni mwanamke wa makamo, miwani yake huikalisha nchani mwa pua. Aliacha wenzake wote wamalize.

"Mhandisi Hoza, mimi nimekulia kijijini," akasema. "Majirani nawajua. Najua wanavyobebana, na najua wanavyotengana. Nijibu kama mtu aliyeapa. Katika sehemu ambazo mtandao wako upo, unaijua nyumba hata moja ambayo imefungiwa nje?"

Nikaomba ukatike. Asubuhi nzima ulikatika nisipotaka, sasa nauomba ukatike, unagoma, umetulia kama maji ya mtungi. Niliwaona wajumbe wote kwa uwazi hata nikahesabu vifungo vya koti la mmoja wao. Nikawafikiria wenzangu kazini, miaka yao na watoto wao. Nikamfikiria mama, halafu nikamsukuma pembeni, mama yangu mwenyewe, nikamsukuma.

"Hapana, Mheshimiwa," nikasema. "Hakuna. Mfumo hujirekebisha wenyewe."

Lwitiko akafumba macho kwa raha. Mwenyekiti akaandika kitu.

Mama Kiondo alikuwa amesimama nyuma ya kompyuta, upande ambao kamera haioni, ameshika kikombe cha chai kwa mikono miwili. Sijui alisimama pale tangu lini. Akakiweka kikombe mezani taratibu, akaniuliza kwa sauti ya mtu anayetaka kweli kujua:

"Na hapa kwangu, mwanangu? Hapa hapahesabiwi?"

Mwenyekiti akainua kichwa, akavua miwani. "Nani huyo anaongea?"

Nilikata.

Nilifanya hivyo kwa kidole changu, nikiwa na akili zangu timamu. Sote katika nchi hii tumewahi kusema mtandao umekatika wakati haukukatika, tumemwambia mchumba, tumemwambia mkwe, na hakuna anayebisha. Nani angebisha mimi nikisema? Kioo kikawa cheusi, nikauona uso wangu humo, na paji la uso la mama yangu juu yake.

"Umekatika?" akauliza Mama Kiondo.

Nikavuta kikombe cha chai.

"Jamani, pole." Akajipiga paja kwa masikitiko. "Ni mimi huyo. Nimekusogelea mno. Hata mama yako alikuwa akikaa na mimi simu yake inagoma, nilimwambia, akabisha. Pole, mwanangu, ulikuwa unasema vizuri. Hebu nikupishe, ujaribu tena."

Akachukua kigoda chake, akakitoa nje. Nikamsikia akipita barazani, akishuka ngazi, akienda kukaa mbali, kule kwenye shamba lake la kabichi, penye manyunyu, ili mtandao wangu upate kurudi. Alitoka nyumbani kwake mwenyewe kwa ajili hiyo. Na ubaya wa jambo lile ni kwamba alikuwa sahihi. Hivyo hasa ndivyo nilivyoiandika ile kanuni, ila sikuwahi kuiona ikinyanyuka na kigoda mkononi.

Nimeona aibu mara nyingi maishani, za kuchekwa na za kukosea, na zote hupita. Ile haikupita. Ilinikalia kifuani, nikatoka nje bila viatu.

"Mama, rudi ndani."

"Umerudi mtandao?"

"Haukukatika." Sauti yangu ilikuwa ndogo, nikailazimisha. "Haukukatika, mama. Nimeukata mimi. Uliuliza swali nikashindwa kulijibu, nikakata. Na siku ile, kwa simu yako na ya mama, njia haikukosekana. Njia ilikuwepo. Mimi ndiye niliyeandika msipitishwe."

Alinitazama, manyunyu yakimtua kwenye khanga. Nilidhani hajaelewa. Kisha nikaona mdomo wake unacheza, nikajua ameelewa zaidi ya nilivyosema.

"Wote wawili?" akauliza. "Na yeye?"

"Na yeye."

Akageuza uso kutazama kabichi. Hakulia mbele yangu, wala hakuniambia nimesamehewa. Alipogeuka tena alikuwa amejifunga khanga upya, kwa nguvu, kama mtu anayekwenda msibani.

"Wale wakubwa bado wapo?" akauliza.

"Wapo."

"Basi tangulia."

Nikapiga tena. Mwenyekiti akatokea, miwani mkononi. "Mhandisi, tulikupoteza. Mtandao wako umekatika?"

Lwitiko alikuwa akinikonyeza kwa nguvu, niseme ndiyo.

"Hapana, Mheshimiwa. Nilikata kwa makusudi, na jibu nililokupa ni la uongo. Nyumba uliyoiulizia ndiyo hii niliyomo. Mwenyewe ni Mama Kiondo."

Nikanyanyuka, nikamwachia kiti. Aliketi kwenye ncha yake, kama mtu aliye tayari kuambiwa aondoke. Kwenye kioo, Mwenyekiti alimtazama, akavaa miwani yake, akainamisha kichwa kidogo.

"Shikamoo, mama."

Mama Kiondo akanigeukia mimi, akanong'ona.

"Wananisikia?"

"Wanakusikia."

"Wote?"

"Wote, mama."

"Marahaba," akasema kwenye kioo, kwa sauti kubwa. Mimi nikaketi sakafuni, mahali ambapo kamera hainioni, nikainamisha kichwa nisikilize anavyonisema.